Wasomaji Wanauliza: Kubuni Bidhaa Pamoja na Watu wa Nje

Barua nyingi za toleo hili zimegusa jambo moja: kampuni kushirikiana na chuo kikuu, kampuni changa, muuzaji wa malighafi au hata mshindani ili kupata bidhaa mpya au njia mpya ya kuitengeneza. Tumechagua zile zilizouliza waziwazi, na ndefu tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, tunatengeneza sabuni za maji. Tuna mkemia mmoja na maabara ndogo. Kila semina naambiwa nishirikiane na watu wa nje. Ukiondoa maneno matamu, faida yake hasa ni nini?
*Mwenye kiwanda*

Faida ya kwanza ni muda. Ujuzi unaoutafuta leo mara nyingi mtu mwingine anao tayari, kwa sababu aliutafuta kwa shida zake mwenyewe, tena katika biashara isiyofanana na yako. Procter & Gamble walipotaka kuchapa picha na maneno juu ya vipande vya viazi vya Pringles, walikuwa na njia mbili. Wangeweza kubuni mashine na wino unaolika kuanzia mwanzo, au kumtafuta aliyekwisha kufanya hivyo. Waliandika maelezo ya kiufundi ya shida yao, wakayasambaza kwa watu wao wa Ulaya, na jibu likatoka kwenye kiwanda kidogo cha mikate mjini Bologna, Italia. Mwenyewe alikuwa profesa wa chuo kikuu, na tayari alikuwa na njia ya kuchapa picha kwenye keki na biskuti. Bidhaa ikaingia sokoni mwaka 2004. Hakuna mkemia wa viazi ambaye angewaza kwenda kubisha hodi kwa mwoka mikate. Ni karatasi ya maelezo iliyofika huko.

Faida ya pili ni vifaa. Mashine ya kupima mnato wa kimiminika katika joto tofauti utaihitaji siku chache tu kwa mwaka. Kuinunua ni hasara, kuitumia kwa mwenzako ni akili.

Ya tatu huwa haisemwi sana: ukishirikiana unashindwa kwa bei nafuu. Mkataba wa miezi mitatu ukionyesha kwamba njia fulani haifanyi kazi, unafungwa. Mtu uliyemwajiri kwa ajili ya njia hiyo si rahisi kuachana naye hivyo.

Gharama nayo ipo, na ndiyo semina husahau kuitaja. Mkemia wako atatumia angalau siku moja kwa wiki kujibu maswali, kutuma sampuli na kusoma matokeo. Mkataba utakula wiki kadhaa kabla kazi haijaanza. Kwa hiyo kazi ambayo mkemia wako anaweza kuimaliza ndani ya mwezi mmoja, aifanye mwenyewe. Jibu likiwa limo kwenye katalogi ya muuzaji, linunue. Ushirikiano ni kwa shida iliyo kubwa kuliko ujuzi wa nyumbani na ambayo haina jibu dukani.

Jambo moja zaidi kabla hatujakuacha: mshirika hutafutwa kabla ya dharura. Kampuni za dawa za Pfizer na BioNTech zilisaini mkataba wa kutafuta chanjo ya mafua mwaka 2018. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuka, wanasheria na wanasayansi wao walikuwa wanafahamiana. Makubaliano ya chanjo mpya yalitangazwa Machi 2020, na Uingereza ikaidhinisha itumike tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. BioNTech ilileta teknolojia, Pfizer ikaleta uwezo wa kuendesha majaribio makubwa na kuzalisha kwa wingi. Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake hakuweza kukijenga kwa miezi tisa.

Tuliziandikia kampuni tano na vyuo viwili tukiomba "suluhisho bunifu la ufungashaji". Wawili tu walijibu, na wote walitaka kutuuzia vitu tusivyovihitaji. Tumekosea wapi?
*Meneja uzalishaji*

Barua yenu haikuwa na shida ndani yake. Msomaji hakujua kama mnataka chupa nyepesi, lebo nzuri au boksi lisilolowa, hivyo kila mmoja alitoa alichokuwa nacho mfukoni. Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua mfano wa chupa ya sabuni ya maji inayovuja. Andiko baya husema: "Tunatafuta teknolojia ya kisasa ya kuzuia uvujaji." Andiko zuri ni ukurasa mmoja wenye mambo haya.

Kwanza, kinachotokea, kwa namba. Chupa ya lita 1 ya poliethilini nzito, mdomo wa milimita 28, kofia ya kusokota ya polipropilini. Zikilazwa siku 14 kwenye joto la nyuzi 40, chupa 3 kati ya 100 huvuja. Kwenye nyuzi 25 ni pungufu ya 1 kati ya 100. Sentensi hizo chache zimemwambia mtaalamu kwamba joto linahusika, na ataanza kufikiria jinsi plastiki mbili tofauti zinavyotanuka.

Pili, mlichojaribu na kilichotokea. "Tulikaza kofia zaidi, uvujaji ulipungua wiki ya kwanza, kisha zikaonekana nyufa shingoni mwa chupa." Watu wengi huficha sehemu hii kwa aibu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Poliethilini iliyo chini ya mkazo ikigusana na sabuni kwa muda mrefu hupasuka mapema kuliko ikigusana na maji matupu, jambo ambalo wataalamu wa plastiki wanalijua vizuri. Kwa hiyo kukaza zaidi kumeongeza mkazo na kuharakisha nyufa. Anayesoma mstari huo anajua mara moja kwamba dawa haiko kwenye nguvu ya kukaza. Labda iko kwenye gasketi ya ndani ya kofia, au kwenye aina ya poliethilini yenyewe.

Tatu, lengo na njia ya kulipima. Isizidi chupa 1 kati ya 1,000, kwa siku 30, nyuzi 40, chupa zikiwa zimelazwa, sampuli zikichukuliwa kutoka makundi matatu tofauti ya uzalishaji. Bila kutaja kipimo, mshirika atapima chupa 20 zilizosimama wima na kutangaza ushindi.

Nne, mipaka. Kalibu ya chupa haibadilishwi. Mashine ya kujazia hufunga chupa 60 kwa dakika na haiwezi kupunguzwa kasi. Bei ya kofia isipande zaidi ya asilimia 5. Mipaka huwakatisha tamaa wale ambao wasingekufaa, na hilo ni jema.

Ukimaliza, soma tena ukifuta lugha ya biashara yako. "Sabuni ya vyombo" iandike "kimiminika chenye mvutano mdogo wa uso, kinachopenya kwenye mianya midogo". Sasa barua inaweza kusomwa na mtu wa vilainishi vya mitambo, wa dawa za hospitali au wa rangi, ambao wote wanapigana na uvujaji wa aina hiyohiyo. Ukilibakiza neno sabuni, watajibu watu wa sabuni tu, na hao wana shida kama yako.

Uwe tayari pia kutoa takwimu. Kampuni ya madini ya Goldcorp mwaka 2000 iliweka hadharani takwimu za kijiolojia za mgodi wake wa Red Lake, Kanada, zipatazo megabaiti 400, na zawadi za jumla ya dola 575,000 kwa watakaoonyesha mahali pa kuchimba. Katika biashara hiyo takwimu za namna ile hufungiwa kabatini. Walioshiriki walipendekeza sehemu zaidi ya 100, nusu yake wanajiolojia wa kampuni hawakuwa wamezifikiria. Si lazima nawe uanike kila kitu, lakini usitegemee jibu la maana kutoka kwa mtu uliyemfumba macho.

Nina njia mpya ya kukausha mbao. Nikiionyesha kwa kampuni kubwa wataiiba, nisipoionyesha sina mtaji wa kuiendeleza. Nianzie wapi?
*Mbunifu mwenye mashaka*

Anza na mazungumzo yasiyo na siri. Mweleze mkubwa huyo matokeo, usimweleze njia: "Mbao za unene wa milimita 50 zinafika unyevu wa asilimia 12 kwa siku 6, na nyufa ni chache kuliko zile za tanuri la kawaida." Akivutiwa atauliza inafanyikaje, na hapo ndipo karatasi zinapotolewa.

Karatasi ya kwanza iwe ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, ikiwa njia yako inafaa kulindwa hivyo. Mpangilio huu una sababu. Ulaya, uvumbuzi uliokwisha kuelezwa hadharani popote duniani, hata na mvumbuzi mwenyewe, huhesabiwa kuwa si mpya tena. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipoutangaza, lakini anayetegemea muda huo wa huruma hujifungia milango ya nchi nyingine nyingi. Onyesho dogo kwenye maonyesho ya biashara au video fupi mtandaoni inatosha kukupotezea haki. Ukiwasilisha ombi katika nchi moja iliyo kwenye Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwandani, una miezi 12 ya kuwasilisha kwingine huku ukihesabiwa kwa tarehe ile ya kwanza. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaweza kusogeza maamuzi, na gharama zake, hadi miezi 30 katika nchi nyingi. Muda huo ndio wa kutafuta mshirika atakayelipa.

Karatasi ya pili ni mkataba wa kutunza siri. Mambo manne uyatazame. Siri ni nini: iliyoandikwa iwe na mhuri "SIRI", iliyosemwa kwa mdomo ithibitishwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Itumike kwa kazi gani: "kutathmini ushirikiano" na si zaidi. Kwa muda gani: miaka mitatu hadi mitano ni kawaida, ila siri ya kweli ya biashara itungiwe kifungu chake cha kulindwa kwa muda wote itakapobaki siri. Na jihadhari na kifungu kinachoruhusu wafanyakazi wao kutumia "kile kitakachobaki kichwani". Kwa mtu mwenye kumbukumbu nzuri hicho ni leseni ya bure.

Tuseme ukweli: mkataba huo ni ushahidi tu, si ukuta. Kumshtaki mkubwa kuna gharama. Kinga bora ni kutoa siri kwa mafungu, kila fungu likilipiwa na hatua ya upande wa pili. Kipindi cha kwanza wape mbao zilizokaushwa wazipime. Cha pili waje waone tanuri likifanya kazi. Ratiba ya joto na unyevu, ambayo ndiyo roho ya kitu, itolewe mkataba wa maendeleo ukiwa umesainiwa.

Sisi na mshirika wetu tumekubaliana kwamba hataza yoyote itakayopatikana tutaimiliki nusu kwa nusu. Mwanasheria wetu amekunja uso. Kwa nini, wakati hiyo ndiyo haki yenyewe?
*Wakurugenzi wawili*

Kwa sababu "nusu kwa nusu" haina maana moja duniani. Marekani, kila mmiliki mwenza anaweza kuitumia hataza na hata kumpa mtu mwingine leseni bila kumwomba mwenzake na bila kumgawia mapato, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Yaani mshirika wako anaweza kumpa leseni mshindani wako kesho asubuhi. Uingereza, kila mmoja anaweza kuitumia mwenyewe lakini hawezi kutoa leseni wala kuuza sehemu yake bila ridhaa ya mwenzake. Huko mkigombana, mali inalala. Halafu kumshtaki anayeiiga kwaweza kuhitaji wamiliki wote wawe kwenye kesi, na mmoja akikataa mwingine anabaki kutazama.

Njia inayofanya kazi vizuri zaidi: mmoja awe mmiliki, mwingine apewe leseni ya kipekee katika uwanja wake. Kama ninyi mnatengeneza pampu za maji ya kunywa na wao wanatengeneza pampu za mafuta, wao wamiliki, ninyi mpate haki ya pekee kwa maji, bila mrabaha au kwa mrabaha mdogo. Kila mtu ana anachokihitaji, na mwenye jukumu la kulipa ada za kila mwaka anajulikana.

Kabla ya hayo, kila upande uorodheshe kwenye kiambatisho alichokuja nacho: hataza, michoro, programu, ratiba za uzalishaji, tarehe kwa tarehe. Kiambatisho hicho huachwa kitupu mara nyingi ajabu, kwa sababu mikataba husainiwa Ijumaa jioni. Miaka miwili baadaye hakuna anayeweza kuonyesha kwamba valvu fulani ilikuwepo kabla ya mradi, na kila mmoja anaapa ni yake. Andikeni pia maboresho yatakuwa ya nani: mshirika akiboresha kitu chenu cha zamani, kilichoboreshwa ni cha nani? Mkishaandika hilo mmemaliza nusu ya ugomvi ambao ungekuja.

Tulikifadhili chuo kikuu mwaka mzima. Tulichopata ni ripoti ya kurasa 80 na makala ya jarida. Kiwandani hakuna kilichobadilika.
*Mkuu wa ufundi*

Chuo kimefanya kazi ya chuo. Kuna ngazi tisa za ukomavu wa teknolojia, kipimo kilichoanzia NASA, shirika la anga la Marekani, na sasa kinatumika kwingi. Ngazi ya 1 ni kanuni ya kisayansi kujulikana, ya 3 ni uthibitisho wa wazo, ya 4 ni kufanya kazi maabara, ya 9 ni kitu kinachotumika kwa kawaida katika mazingira yake halisi. Maabara nyingi za vyuo huishia 3 au 4. Kiwanda chenu kinataka 8 au 9. Katikati, kuanzia 5 hadi 7, kuna kazi isiyompa mhadhiri makala wala kumpa mkuu wa kiwanda bidhaa, na ndiyo inayokula fedha kuliko zote. Kama bajeti yenu haikuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo, matokeo yalikuwa yamekwisha kuandikwa siku ya kwanza.

Safari ijayo, andikeni kwenye mkataba ngazi ya kuanzia na ya kumalizia, na taja nani atachukua kazi kutoka hapo: kampuni ya uhandisi, muuzaji wa mashine, au fundi wenu aliyepewa muda rasmi. Badala ya ripoti, dai vitu: sampuli kilo 20, mchoro wenye vipimo, utaratibu wa hatua kwa hatua ambao fundi wenu ameufuata mwenyewe mara tatu na kupata matokeo yaleyale bila mtafiti kuwa chumbani. Sharti hilo la mwisho ni dogo kwenye karatasi lakini huibua mengi. Maabara hutumia maji yaliyochujwa mara mbili, ninyi mnatumia ya bomba. Maabara hukoroga gramu 200 na joto linatawanyika lenyewe. Tangi lenu la lita 2,000 hubaki na joto katikati, na kimiminika kinabadilika rangi.

Malipo yagawanywe. Asilimia 30 mwanzoni, 40 sampuli zikifaulu kipimo, 30 fundi wenu akiweza kurudia. Kuhusu makala, msiyazuie, mtawakosa watafiti wazuri. Ombeni siku 30 hadi 60 za kusoma rasimu kabla haijachapishwa, ili muwasilishe ombi la hataza ikibidi. Na kazi yenye tarehe kali msiikabidhi kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Yeye ana miaka mitatu au minne na tasnifu yake, ninyi mna msimu mmoja.

Tunafikiria kuandaa shindano la wazi lenye zawadi nono. Ni wazo zuri?
*Idara ya masoko*

Inategemea kama jibu linaweza kupimwa kwa namba na kama mtaweza kulitumia. Shindano la kampuni ya filamu ya Netflix lilianza Oktoba 2006: dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 usahihi wa kukisia filamu ambazo mteja atazipenda. Lengo lilifikiwa mwaka 2009. Lakini mfumo ulioshinda, mchanganyiko wa njia nyingi mno za ukokotozi, haukuwahi kuingizwa kazini. Kampuni ilieleza baadaye kwamba usahihi ulioongezeka haukustahili kazi ya uhandisi iliyohitajika, na wakati huo biashara yenyewe ilikuwa inatoka kwenye diski za posta kwenda kwenye intaneti. Walichotumia ni njia mbili zilizotokana na zawadi ya hatua ya mwaka 2007. Funzo la kifundi: wekeni zawadi za hatua, na kwenye vigezo ongezeni mzigo wa kulitekeleza jibu, si ubora wake peke yake.

Kama mnachotaka ni mawazo ya wateja, igeni LEGO: pendekezo la mteja likipata waungaji mkono 10,000 hupitiwa na kampuni, na likitengenezwa mwenye wazo hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Kanuni inajulikana kabla ya mtu kutuma chochote. Shindano linalosema "mawazo yote yatakuwa mali ya mwandaaji", hata yale yasiyoshinda, hukusanya mawazo ya watu wasio na la kupoteza.

Idara ya masoko ikiwa ndiyo pekee inayolitaka shindano, hilo ni tangazo. Liiteni tangazo na mlilipie kwa bajeti ya matangazo.

Kampuni yetu changa imefanya majaribio na kampuni kubwa tatu. Zote zimesifu, hakuna iliyotoa oda.
*Waanzilishi*

Mlifanya majaribio na watu wasio na fedha. Kitengo cha ubunifu cha kampuni kubwa hupimwa kwa idadi ya majaribio, na bajeti ya kununua iko kwa mkuu wa uzalishaji au wa uendeshaji ambaye pengine hakujua kama mpo. Kabla ya jaribio la nne, ulizeni maswali haya kwa maandishi: Tukifaulu, nani atasaini oda, na je, ameiona karatasi hii? Kufaulu ni namba gani? Idara ya manunuzi na ya usalama wa mifumo zitahitaji nini, na kwa wiki ngapi? Ankara hulipwa baada ya siku ngapi? Wakikujibu siku 90, na mtaji wenu unatosha miezi minne, mmejua la kufanya.

Jaribio lilipiwe, hata kama ni kidogo. Anayelipa humpa kazi hiyo mtu, na mtu huyo huulizwa na bosi wake imefikia wapi. Liwe na siku ya mwisho, wiki 8 hadi 12, na sentensi inayosema matokeo yakifikia namba fulani, makubaliano ya bei yaliyoambatanishwa ndiyo yatakayotumika. Wakikataa sentensi hiyo, mmeokoa miezi mitatu.

Je, tunaweza kubuni pamoja na mshindani bila kuvunja sheria?
*Msomaji*

Ndiyo, mkibaki kwenye utafiti na viwango, na mkikaa mbali na bei, wateja na kiasi cha kuzalisha. Sony na Philips walikuwa washindani walipokaa pamoja mwaka 1979 kupanga diski ya muziki. Philips walikuwa na ujuzi wa kusoma diski kwa mwanga wa leza, Sony wa kurekebisha makosa ya kidijitali. Walikubaliana kipenyo cha sentimita 12 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na mwaka 1982 vifaa vikauzwa, kila mmoja kwa jina lake na kwa bei yake. Kila kikao kiwe na ajenda iliyoandikwa na kumbukumbu. Mtu akianza kuzungumzia bei, inuka, toka, na sema kumbukumbu ziandike kwamba umetoka. Sheria za ushindani hutofautiana kati ya nchi na nchi, hasa pale soko lenu kwa pamoja likiwa kubwa, hivyo mwanasheria asome rasimu kabla ya kikao cha kwanza.

Mshirika tumempata, mkataba tumesaini, na wahandisi wetu hawajibu barua pepe zake. Wanasema "hilo hata sisi tungeliweza".
*Mkurugenzi mtendaji*

Pengine ni kweli, wangeliweza. Hiyo ndiyo sababu wameumia. Mgeni ameletwa kutatua shida ambayo wao waliomba fedha za kuitatua wakanyimwa, na jibu lake likifaulu sifa zitakwenda kwa aliyesaini mkataba. Usiwahutubie kuhusu mtazamo.

Badilisha mambo matatu. Aliyepaswa kuiandika ile karatasi ya shida ni mhandisi wenu. Kama aliandika mshauri au idara ya biashara, rudisheni nyuma, mwacheni aisahihishe, na msahihishe mkataba ikibidi. Pili, mtu mmoja wa ndani awe na jina kwenye mradi na muda uliotengwa, asilimia 20 ya wiki yake, kazi nyingine ikiwa imepunguzwa kweli na si kwa maneno. Meneja wake wa moja kwa moja akubali kwa maandishi, maana yeye ndiye atakayemwita kwenye mashine iliyoharibika siku ya kikao na mshirika. Tatu, tathmini ya mwisho wa mwaka ihesabu alichokipokea kutoka nje na kukiingiza kazini sawa na alichokibuni mwenyewe. Penye mfumo wa bonasi unaolipa hataza za ndani peke yake, mhandisi anayemkwepa mshirika anafanya hesabu sahihi.

Kikao cha kwanza baada ya hapo kifanyikie kwenye sakafu ya kiwanda, mashine ikiwa inafanya kazi. Mhandisi wenu aeleze inavyoharibika, mshirika aulize. Wapeni saa mbili, bila wakurugenzi. Barua pepe zikiendelea kukosa majibu wiki mbili baada ya hapo, mbadilisheni mtu wa ndani kabla hamjafikiria kumbadilisha mshirika.